MAWE HAYATUPWI OVYO KWENYE TOPE



Wandegeya ipo bondeni, kati ya vilima vya Makerere, Mulago na Nakasero. Jina lake latokana na endegeya, yaani ndege aina ya mnana, waliokuwa wengi mahali hapo. Huko juu vilimani udongo ni mwekundu na mgumu. Bondeni ni maji, tope na udongo mweusi.

Hivi karibuni tulipita kwenye kiwanja kimoja hapo, tukawakuta vibarua wakimwaga mawe topeni. Yaliyomwagwa asubuhi, jioni hayakuonekana tena. Msimamizi akasema, "Ongezeni!" Sisi tukauliza: nani amepima udongo huu? Hakuna aliyejibu.

Ni kweli kwamba mawe huweza kuimarisha udongo dhaifu, lakini kazi hiyo ina utaratibu wake. Mtambo mrefu unaotikisika hutoboa ardhi mpaka karibu na tabaka gumu. Kokoto hutiwa ndani ya tundu kidogo kidogo, na kila tabaka hushindiliwa na mtambo huo huo. Hivyo hutokea nguzo ya mawe, yenye upana wa sentimita 60 hadi mita moja hivi. Nguzo nyingi hupangwa kwa safu chini ya msingi. Hubeba uzito pamoja na udongo, na maji hupata njia ya kutoka. Mtambo huo ulibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa kushindilia mchanga. Nguzo za mawe zilifuata katika miaka ya 1950.

Lakini tuangalie jambo moja. Nguzo hiyo husimama kwa sababu udongo wa kandoni unaikumbatia. Mahali penye tope jepesi la mafunjo yaliyooza, hakuna cha kuikumbatia. Mawe hutawanyika, na nyumba hutitia. Hapo ni lazima tope liondolewe, au zitumike nguzo za zege zinazofika chini kwenye udongo mgumu.

Msiseme haya ni ya mafundi peke yao. Viwanda vingi vimejengwa mabondeni, na wengi wetu tunapanga vyumba huko huko. Tena kazi ya shamba ikipungua, vijana wetu huenda kuchimba misingi. Mwaka 2008, Nakasero, katika barabara ya Lumumba, udongo uliporomoka ndani ya shimo la msingi ukawaua wafanyakazi. Walikuwa wametoka nyumbani kutafuta mkate kama sisi.

Basi kabla ya kuingia shimoni, tuulize kwa pamoja: Udongo umepimwa? Mhandisi yuko wapi? Kingo za shimo zimezuiwa? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari. Mmoja akiuliza, atafukuzwa. Tukiuliza wote, watapima.