Nusu Volti ya Kila Seli

Seli moja ya sola ya silikoni hutoa takriban nusu volti inapofanya kazi, iwe kubwa kama sahani au ndogo kama ukucha. Ukubwa huongeza ampea, hauongezi volti. Seli nzima yenye upana wa sentimita 15 na nusu, juani saa sita mchana, husukuma ampea 8 hadi 9. Ikikatwa vipande kumi, kila kipande hubaki na chini ya ampea moja, ila nusu volti yake haipungui. Shida ni kwamba nusu volti haiwashi chochote ambacho mkazi wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, angependa kukiwasha. Taa nyeupe ya LED hutaka volti 3 hivi, simu huchajiwa kwa volti 5, na betri ya asidi ya volti 12 haijai mpaka ifikishiwe volti 14 na nusu hivi.

Njia kongwe ya kuzipandisha volti ni kuziunga seli kwa mfuatano, chanya ya moja na hasi ya nyingine. Alessandro Volta, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno volti, alifanya hivyohivyo mwaka 1800 kwa kupanga vipande vya zinki na vya metali nyingine kimoja juu ya kingine, katikati kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Chukua mfano wa mji wa Bukoba, uliokaa ufukweni mwa ziwa, na nyuma yake ardhi inapanda kwa magenge. Watu wakijipanga kwenye mteremko huo na kupokezana ndoo za maji ya ziwa, kila mmoja akiinua nusu mita, watu 10 wataifikisha ndoo mita 5 juu, na watu 36 wataifikisha mita 18. Kimo hutokana na idadi yao, na wingi wa maji hutokana na ukubwa wa ndoo. Lakini mpokeaji mmoja akijikokota, foleni nzima hujikokota naye.

Kwa fundi, foleni hiyo ni kazi ya mikono. Katika seli za kawaida uso wa juu, wenye mistari myembamba ya fedha, ndio hasi. Mgongo ndio chanya. Utepe wa shaba uliopakwa lehemu hulehemiwa usoni mwa seli moja, kisha huingizwa chini ya mgongo wa inayofuata. Unene wa seli haufiki robo milimita, na mkono mzito huivunja kama ganda la yai. Hata hivyo seli iliyovunjika haijafa: kila kipande bado kina nusu volti yake, na vipande 12 vikiungwa hutoa volti 6 za kuchaji taa ndogo. Sharti ni vilingane. Kipande kimoja kidogo kuliko wenzake ndicho kitakachopanga ampea za wote.

Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na seli 36, yaani volti 18, na wengi hujiuliza ziada hiyo ni ya nini. Jibu liko juu ya bati. Vipimo vya kiwandani huchukuliwa seli ikiwa na joto la nyuzi 25, wakati mchana wa jua kali seli iliyolazwa juu ya bati hufika nyuzi 60 bila taabu. Kila nyuzi moja inayopanda huipunguzia seli sehemu kama 2 kati ya elfu za volti moja. Nyuzi 35 za ziada, kwa seli 36, hula volti 2 na nusu. Zinabaki 15 na nusu, na kabla hazijafika betrini, nyaya na diodi navyo huchukua chao. Ziada iliyoonekana ni ya anasa imekwisha njiani. Ndiyo maana inafaa paneli iinuliwe kiganja kimoja juu ya bati ili upepo upite chini yake.

Katika sehemu nyingi za Kagera, hata hivyo, kivuli kina madhara zaidi ya joto. Nyumba ya Muleba mara nyingi imo ndani ya kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka pande zote, na jani la mgomba lina urefu wa kutosha kuufikia ukingo wa paa. Likitia kivuli kwenye seli moja tu, ampea za seli hiyo huanguka, na kwa kuwa zote zimo kwenye foleni moja, za nyingine 35 huanguka pamoja nayo. Paneli nyingi huwa na diodi mbili nyuma, kila moja ikilinda seli 18, ili mkondo uiruke nusu iliyozibwa. Diodi hizo huiokoa seli isiungue, lakini nusu iliyobaki ina volti 9 tu, na volti 9 haziwezi kuisukuma betri ya 12. Jani limefunika sehemu ndogo kabisa ya paneli, na betri imekosa karibu chaji yote.

Mvua nayo huwachanganya watu kwa namna nyingine. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo siku za mawingu ni nyingi. Fundi anaweza kuigusisha mita kwenye paneli chini ya wingu zito na kusoma volti 19, akaamua paneli ni nzima na betri ndiyo mbovu. Volti za paneli isiyobebeshwa kitu hupungua kidogo sana mwanga unapopungua. Ampea ndizo zinazokwenda sawa na mwanga. Kipimo cha haki ni kile kinachochukuliwa paneli ikiwa imeunganishwa na betri.

Njia ya pili ni kuzipandisha volti kwa kifaa cha elektroniki chenye koili, transista, diodi na kapasita. Transista hufungua na kufunga mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Ikifungua njia, mkondo hujikusanyia nguvu ndani ya koili. Ikiifunga ghafla, koili hukataa kusimamishwa na husukuma mkondo kupitia diodi kwa volti kubwa kuliko zilizoingia. Mtumbwi unaopigiwa makasia kwa kasi kuelekea nchi kavu hufanya hivyo pia: ukigusa mchanga hausimami palepale, bali hupanda juu ya usawa wa maji yaliyoubeba.

Kifaa hiki hakizalishi nguvu. Seli 4 zenye volti 2 na ampea 1 zina wati 2. Zikipita kwenye kipandisha volti kinachopoteza asilimia 15, hutoka wati 1.7, ambazo kwa volti 5 ni ampea 0.34. Zinatosha kuchaji simu ya kitochi yenye betri ya miliampea-saa 1,000 kwa saa tatu na ushei za jua zuri. Seli moja pekee haifai kwa kifaa cha kawaida, kwa sababu transista ya silikoni huhitaji volti 0.6 hivi ili iamke. Mbili au tatu kwa mfuatano humaliza tatizo hilo. Ila kifaa kisichojua kujipima huvuta ampea zaidi kadiri volti zinavyoshuka, mpaka zianguke kabisa. Kilicho bora husoma volti za seli na kulegeza mkono mapema.

Kwa nyumba iliyozungukwa na migomba, mifuatano mifupi kadhaa iliyounganishwa sambamba na kupandishwa kwa kifaa ndiyo inayofaa, maana mfuatano mmoja ukizibwa mingine huendelea. Visiwani Bumbire na Goziba, ambako wavuvi wa dagaa hutegemea taa katika usiku usio na mbalamwezi, ufukwe uko wazi na mfuatano mrefu hutosha bila kifaa. Huko adui ni ndege wanaofuata dagaa walioanikwa. Kinyesi kilichokauka juu ya seli moja hufanya kazi ileile ya jani la mgomba, na mvua huondoa sehemu tu, hasa paneli ikiwa imelazwa bapa. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 husaidia maji yateremke. Kinachobaki hufutwa kwa kitambaa cha maji asubuhi, kabla kioo hakijapata moto.