Fahamu: Silinda nne au sita kwa pikapu ya mtumba Nyeri?
EPRA, mamlaka ya Kenya ya udhibiti wa nishati na petroli, hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi, na mwenye pikapu Karatina au Othaya huisikiliza akiwaza injini yake. Ushindani mara nyingi huwa kati ya Toyota Hilux D-4D ya silinda nne, cc 2,494, na Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya silinda sita, cc 4,164.

Wengi huamini kwamba sita lazima ishinde mlimani. Si rahisi hivyo. 1HZ haina turbo, na Nanyuki, takriban mita 1,900 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano; nguvu ya injini nayo hushuka. Turbo ya Hilux husukuma hewa zaidi ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

1HZ husifiwa kwa uvumilivu: pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Nozeli za D-4D huchukia dizeli chafu.

Kwa viazi na kabeji za kupeleka sokoni, ningenunua silinda nne iliyotunzwa. Kabla ya kununua, iwashe asubuhi ikiwa baridi. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua.