Katika Kuchagua Baiskeli ya Umeme

Siku ya mwisho ya mwaka 1895, serikali ya Marekani ilimpa Ogden Bolton, mkazi wa mji wa Canton katika jimbo la Ohio, hataza ya baiskeli yenye mota ndani ya gurudumu la nyuma na betri iliyoning'inizwa katikati ya fremu. Na atazamaye mchoro wake leo huona kwamba umbo la chombo hiki halikubadilika sana tangu wakati huo. Mota ilikuwa tayari. Kilichokosekana kwa takriban miaka mia moja ni betri iwezayo kuhifadhi nguvu ya kutosha bila ya kuwa yenyewe mzigo, kwani betri za risasi na tindikali zilikuwa nzito mno. Na betri za ioni za lithiamu hazikuanza kuuzwa madukani hadi mwaka 1991, zilipotolewa na kampuni ya Sony ya Japani. Habari hii ya kale naitanguliza makusudi, maana mnunuzi wa leo aghalabu huulizia kwanza mwendo na nguvu za mota, ilhali mota ni jambo lililokwisha tengenea zamani, na uaminifu wa baiskeli ya umeme umo hasa ndani ya lile sanduku la betri, na katika mikono ya fundi atakayeifungua itakapoharibika.

Ubavuni mwa betri huandikwa hesabu mbili, volti na ampea-saa, na ukizizidisha hupata wati-saa, ndicho kipimo cha akiba iliyomo. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Mtu apigaye pedali sawasawa katika njia tambarare, mota ikimsaidia tu, hutumia kama wati-saa 8 hadi 10 kwa kila kilomita, kwa hiyo atakwenda kilomita 36, pengine 45. Lakini alegezaye miguu akaiachia mota kazi yote hutumia 15 au zaidi, na safari yake haitapita kilomita 24. Hapo hatujatia gunia nyuma, wala kilima, wala upepo wa kusi unaomkabili usoni. Basi muuzaji akikuambia kwamba betri ya kadiri hiyo itakufikisha kilomita mia, huna haja ya kubishana naye. Fanya hesabu mbele yake, kisha usikilize atakavyojibu.

Nimepata kusimama penye meza ya fundi aliyekuwa akiifungua betri iliyokufa kabla ya wakati wake. Ndani hamna ajabu: seli za mviringo, kila moja unene wa kidole gumba, zimeunganishwa kwa utepe mwembamba wa nikeli, na juu yake bodi ndogo ya ulinzi ambayo kazi yake ni kukata umeme seli zinapojaa, zinapokwisha, au zinapopata moto kupita kiasi. Katika betri ya volti 36 ya aina iliyoenea, mafungu kumi ya seli hufuatana, na fungu moja likidhoofika huyarudisha nyuma yote, kama msafara uendao kwa mwendo wa mgonjwa wake. Betri ile ilikuwa na seli za rangi mbili, yaani zilizookotwa huku na huku na kuvikwa ganda jipya, na penye waya mmoja shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nje ya sanduku hapakuonekana dalili yoyote.

Wala madhara hayaishii katika hasara ya fedha. Katika jiji la New York, ambako wapeleka vyakula wengi hutegemea baiskeli hizi kwa riziki yao, moto uliotokana na betri za lithiamu uliua watu 18 katika mwaka 2023 peke yake, na tangu Septemba ya mwaka huo sheria ya jiji imekataza kuuza baiskeli ya umeme ambayo haikufaulu kipimo kiitwacho UL 2849. Ulaya nao wana kipimo chao, EN 15194. Alama ya kipimo ni karatasi tu na yeyote aweza kuichapisha. Kwa hiyo itazame pamoja na jina la mtengenezaji wa betri na namba yake, na visipokuwapo vyote viwili, ondoka dukani.

Chaja iwe ileile iliyokuja na baiskeli. Betri niliyoitaja hujaa ikifika volti 42, ilhali ile ya volti 48 hujaa kwa 54.6, na vichwa vya chaja mbili hizi huweza kufanana kabisa; mtu akiazima ya jirani bila kusoma maandishi yake huitia betri moto aliodhani ni umeme. Kadhalika, si vyema kuichaji ingali na joto la jua la adhuhuri, wala kuiacha usiku kucha penye mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Ziko pia betri za lithiamu zilizotengenezwa kwa chuma na fosfeti, ambazo ni nzito zaidi kwa akiba ileile, lakini huvumilia joto vizuri na kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Kwa watu wa mwambao, mimi ningezichagua hizo pasi na kusita.

Sasa tuje kwa fundi. Julai 2023, mahakama ya Amsterdam ilitangaza kufilisika kwa VanMoof, kampuni iliyosifika kwa baiskeli zake nzuri za umeme, na wenye nazo wakaingiwa na hofu, kwa kuwa vipuri vyake vilikuwa vya kipekee na kufuli lake lilitegemea programu ya simu. Ikabidi kampuni shindani ya Ubelgiji, Cowboy, itoe programu ya kuwawezesha kuhifadhi funguo zao. VanMoof ilipata mnunuzi mwaka huohuo, lakini fundisho lilikwisha patikana hata kwa sisi tulio mbali. Mtu wa Tanga, mji uliozoea baiskeli tangu zamani, hakosi fundi. Swali ni kama fundi huyo ataweza kuishika baiskeli yako. Itazame pancha ya gurudumu la nyuma. Mota ikiwa mle ndani, waya hutoka katika mhimili, na ikiwa pana kiungo cha kuchomoa karibu na gurudumu, fundi atakichomoa, atalegeza nati mbili, na baada ya nusu saa utakuwa njiani. Kisipokuwapo, itambidi aufuate waya mpaka ndani ya fremu, au aukate. Tairi, spoki na breki nazo ziwe za kadiri ipatikanayo sokoni.

Mota iliyowekwa penye pedali hupanda vilima kwa wepesi, ila hula mnyororo haraka. Ya gurudumuni ni nyepesi kutunza, na katika miji ya tambarare yatosha.

Chumvi ya bahari ni adui mkubwa wa viungo vya umeme kuliko mvua yenyewe. Uliza kama vimefunikwa kwa mpira, na usiruhusu baiskeli kuoshwa kwa bomba lenye msukumo mkali.

Kabla ya kulipa, ipande baiskeli ukiwa umezima mota, uone kama miguu yako yaweza kuirudisha nyumbani betri ikiisha, maana nyingi zina uzito wa kilo 20 hadi 25. Kisha iwashe, na ukiwa mwendoni ukamate breki kidogo tu: mota lazima ikate papo hapo. Stakabadhi iandikwe namba ya betri mbali na ya fremu, na muda wa dhamana ya betri uandikwe peke yake, pamoja na bei ya betri nyingine ya badala na mahali itakapopatikana.