Kalamu nyekundu na mashujaa wa malimwengu

Tangu Julai 2024 nimekuwa nikisikia ubishi mmoja kila nipitapo karibu na madarasa wakati wa mapumziko. Vijana hawabishani juu ya mpira wala siasa. Wanabishana juu ya uso wa mtu. Mwezi huo, mjini San Diego, Marekani, ilitangazwa kwamba mwigizaji Robert Downey Jr. angerudi katika filamu ya Avengers: Doomsday. Huyu ndiye aliyemwigiza Tony Stark, yaani Iron Man, tangu mwaka 2008 hadi jagina huyo alipokufa katika filamu ya mwaka 2019. Ila safari hii harudi kuwa jagina. Anarudi kuwa adui, Doctor Doom. Basi Doom huyu ni nani? Je, ni mtu mwingine aliyesadifu kufanana na marehemu, au ni Tony Stark wa ulimwengu mwingine aliyepotoka njia? Tarehe ya filamu yenyewe, iliyokuwa Mei 1, 2026, ikasogezwa hadi Desemba 18 mwaka huo huo, na kila siku iliyoongezwa ikaongeza makisio.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu huyaita mazungumzo haya uzuzu mtupu. Anasema laiti vijana wangeutumia muda huo kusoma vitabu vilivyoteuliwa, tungepata matokeo ya kujivunia. Simlaumu, kwani nami nilikuwa na msimamo huo huo, tena kwa ukali zaidi, hadi mwishoni mwa mwaka 2021. Kilichonigeuza ndicho ninachotaka kumsimulia msomaji, ijapokuwa hakinipambi.

Yafaa kwanza nimweleze yule ambaye hajapata kuzitazama filamu hizi. Kwetu neno malimwengu limebeba maana ya visa na vituko vya dunia; mtu akipatwa na jambo husema, haya ni malimwengu. Kwa vijana hawa neno limepata kazi nyingine. Ni dunia nyingi zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na watu wale wale walioishi maisha tofauti. Aliyekufa huku yu hai kule. Aliye mwema huku ni jahili kule. Wala wazo si la jana. Kampuni ya DC ya Marekani ilijikuta na majagina wawili wa katuni walioitwa Flash: Jay Garrick wa mwaka 1940 na Barry Allen wa mwaka 1956. Mwaka 1961 mwandishi Gardner Fox akawakutanisha kwa kueleza kwamba kila mmoja ana dunia yake. Lilikuwa suluhisho la karani: majina yamegongana daftarini, basi na lifunguliwe daftari la pili. Sisi nasi tuna Liyongo wa Waswahili wa pwani ya kaskazini na Liyongo wa Wapokomo wa Mto Tana, lakini sijapata kusikia msimulizi aliyeona haja ya kuwakutanisha wapeane mikono.

Narudi kwenye mwaka 2021. Ratiba ya shule ilikuwa imevurugwa na ugonjwa wa Korona, hivi kwamba tulikuwa darasani hadi Desemba 23, nyuso zimefunikwa barakoa. Filamu iliyongojewa wakati huo ilikuwa Spider-Man: No Way Home, na swali lilikuwa moja tu. Tobey Maguire alikuwa amemwigiza Peter Parker katika filamu tatu kati ya mwaka 2002 na 2007. Andrew Garfield akamwigiza katika mbili, za mwaka 2012 na 2014. Kisha akaja Tom Holland. Je, wale wawili wa zamani wangetokea, kila mmoja kutoka ulimwengu wake, wasimame na huyu wa tatu? Kionjo cha kwanza cha filamu hiyo, kilichotolewa Agosti, kilitazamwa zaidi ya mara milioni 355 katika saa 24 kwa hesabu ya kampuni ya Sony, na ninaamini wengi wa watazamaji hao walikuwa wakilitafuta jibu la swali hilo.

Ilikuwa Novemba. Nilikuwa nikifundisha riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei katika Kidato cha Tatu nilipomwona binti mmoja ameziinamia kurasa za mwisho za daftari lake, akiandika kwa bidii ambayo sikuwa nimepata kuiona katika kazi niliyompa mimi. Nikalitwaa daftari. Jioni, vitabu vya kusahihisha vikiwa vimenizunguka, nikalifungua.

Alikuwa ameugawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja ameandika Ushahidi, upande wa pili Uvumi. Alfred Molina aliliambia jarida la Variety mwezi Aprili kwamba anarudi kuwa Doctor Octopus, adui wa Peter yule wa Maguire: huo akauweka kwenye ushahidi. Jamie Foxx, aliyekuwa adui wa Garfield, aliutangaza ujio wake mtandaoni Oktoba 2020 kisha akaufuta ujumbe wake: huo akauweka katikati, juu ya mstari, na kando yake akauliza, kwa nini afute? Garfield mwenyewe alikuwa amekana mara kadhaa mbele ya wanahabari kwamba hamo. Binti hakulipa kanusho hilo uzito wowote. Aliandika kwamba aliyeapa kuficha siri na asiye na siri hujibu kwa maneno yale yale. Kisha lipo jambo lililonifanya nisogeze taa karibu. Katika kionjo cha pili kama kilivyotolewa Brazil, adui mwenye umbo la mjusi anaonekana kichwa kikimyumba ghafla kana kwamba amezabwa kofi, ilhali mbele yake hapana mtu. Binti alikuwa amekitazama kwenye simu ya kaka yake. Akaandika: kichwa hakiyumbi bila kofi, na kofi halina budi kuwa na mkono, mkono umefutwa.

Msomaji aliye mwalimu atanielewa nikisema kwamba niliduwaa. Majuma mawili kabla ya hapo nilikuwa nimewapa insha juu ya nia ya mhusika mmoja katika riwaya. Darasa karibu zima lilinakili kitabu cha mwongozo, kituo kwa kituo. Binti huyu peke yake alijenga hoja zake mwenyewe kutokana na maneno ya mhusika na yale ambayo mhusika aliyanyamazia. Hoja hizo hazikuwamo katika mwongozo wangu wa kusahihishia. Nilimpa 3 juu ya 10. Walionakili walipata 7.

Basi je, jioni ile niliyaona makosa yangu? La hasha! Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika chini ya ukurasa ule: Upuuzi. Soma riwaya. Nikalifungia daftari kwenye dawati.

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilichowafanya vijana wale wale wawe kasuku katika fasihi na mahakimu katika filamu. Nadhani ni tarehe. Filamu ilikuwa na siku yake, na siku hiyo ikifika, kila aliyekisia angejulikana amepata au amekosa, na asingehukumiwa na mwalimu bali na kazi yenyewe. Riwaya tunayoisoma darasani imekwisha kuhukumiwa kabla hawajaifungua. Majibu yanauzwa dukani pamoja nayo.

Hata hivyo sitaki kuwasifu mno, kwani ubishi huu una dosari yake, na dosari hiyo imo katika malimwengu yenyewe. Katika hadithi ambapo kila kitu chawezekana, matukio ya hadithi hayathibitishi neno. Aliyekufa aweza kurudi, basi kifo chake si hoja. Vijana hulazimika kutoka nje ya hadithi na kuingia katika mikataba. Ukurasa wa pili wa binti yule ulijaa mambo hayo: kwamba filamu za Maguire na za Garfield zote ni za Sony, kwamba Sony ilipatana na Marvel Studios mwaka 2015, kwamba kwa hiyo hakuna wa kuombwa ruhusa. Ni hoja nzuri za wakili. Lakini msomaji wa fasihi akishaanza kuuliza nani anammiliki mhusika badala ya kuuliza mhusika anataka nini, kuna kitu kimempotea.

Tena mikataba nayo hudanganya. Mapema mwaka huo huo, katika mfululizo wa WandaVision, alibisha mlango Evan Peters, aliyekuwa ameigiza nduguye Wanda katika filamu za X-Men za kampuni ya Fox. Disney ilikuwa imeinunua Fox mwaka 2019. Mashabiki wakapiga hesabu: haki zimeungana, mwigizaji amefika, basi milango ya malimwengu imefunguliwa. Mwishowe ikadhihirika kwamba mtu yule alikuwa raia wa kawaida aitwaye Ralph Bohner, na jina lenyewe lilikuwa mzaha. Wengi walikasirika, wakadai wamedanganywa na watungaji. Hakika hawakudanganywa na mtu. Walikuwa wametunga hadithi yao wenyewe kisha wakaishtaki ya mwenzao kwa kutofanana nayo.

Filamu ilitolewa Marekani Desemba 17, 2021. Shule zilipofungwa nilikwenda kuitazama Nairobi na mpwa wangu, nikijisingizia kwamba namsindikiza. Maguire alikuwamo. Garfield alikuwamo. Ukumbi ulipiga mayowe hata sikuyasikia waliyosema walipoingia. Hayo, nakiri, hayakunigusa sana. Kilichonigusa kilikuja baadaye. Katika filamu ya mwaka 2014, Peter yule wa Garfield alimrushia utando mpenzi wake Gwen Stacy aliyekuwa akianguka ndani ya mnara wa saa. Utando ukamfikia, lakini kwa kuchelewa kidogo, akafa. Sasa, miaka saba baadaye, katika ulimwengu usiokuwa wake, msichana mwingine anaanguka. Holland anashindwa kumfikia. Garfield anajitosa, anamdaka, anamtua chini salama, na ni yeye aliyeokoa anayelengwalengwa na machozi.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini nimeinamisha kichwa. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimekwisha kuyasoma haya. Sentensi ya mwisho ya ukurasa ule, hapo juu tu ya wino wangu mwekundu, haikuhusu mikataba wala Brazil. Binti alikuwa ameandika kwamba swali si kama Garfield atakuja, bali atakuja kufanya nini; na kwamba akija, atakuja kwa sababu ya yule aliyeanguka, kwani katika kionjo kuna msichana mwingine anayeanguka, na mtu hakubali kuchelewa mara mbili.

Shule zilifunguliwa Januari 3, 2022. Siku ya pili nilimwita chumba cha walimu, nikamrudishia daftari lake. Nilikuwa nimeandaa maneno, lakini mbele ya wenzangu yalinikauka. Akalifunua hadi kurasa za nyuma, akausoma wino mwekundu bila kubadilika uso, kisha akaniuliza kwa adabu zote:

"Samahani, Mwalimu. Hapa umeandika upuuzi, lakini hukuweka alama. Ni ngapi juu ya kumi?"

Nilimwomba aniletee kwanza ile insha ya riwaya, na aketi wakati ninaisoma.