Kichuguu Kilichowafundisha Wajenzi wa Turkana

Mtu yeyote aliyepata kufanya kazi ya kalamu katika nyumba ya mabati huko Banissa, saa saba za mchana wakati wa jilaal, hana haja ya kuelezwa joto ni kitu gani. Karatasi hushikamana na mkono kwa jasho, wino hukauka kabla mstari haujaisha, na katika shule mwalimu mwenye busara huwatoa watoto wake nje akawafundishe chini ya mgunga. Mabati yenyewe hayana kosa. Hufika kwa lori, hayaliwi na mchwa, na mvua ikinyesha watu hulala pakavu. Walakini jua likisimama juu yake, paa la bati huwa kama kikaango kilichofunikwa juu ya vichwa vya watu.

Mama wa Kisomali ajengaye aqal hana taabu hiyo. Huinamisha fito, huzifunga, huzifunika kwa mikeka aliyoisuka kwa mikono yake, na hewa hupita. Siku ya kuhama huivunja nyumba yake yote akaipakia juu ya ngamia. Lakini aqal haiwezi kuwa shule ya watoto mia mbili, wala ofisi, wala zahanati. Basi watu wa nchi kame wamekuwa wakichagua mojawapo ya mambo mawili: nyumba iliyo baridi lakini haidumu, au nyumba idumuyo lakini haikaliki mchana.

Mwaka 2021 jengo moja lilimalizika katika nchi yetu ya Kenya, nalo linajaribu kulijibu swali hilo. Haliko Banissa. Liko mbali upande wa magharibi, kupita Marsabit na kuvuka ziwa, katika nchi ya Waturkana. Hata hivyo jua la huko ni jua lile lile, na vumbi ni ndugu wa vumbi la Mandera. Kwa habari ya utawala pia nchi hizi mbili zilikuwa jamaa: chini ya sheria ya mwaka 1934, Serikali ya kikoloni iliziweka Turkana na wilaya za mpaka wa kaskazini katika fungu moja la wilaya zilizotawaliwa kwa amri za pekee.

Jengo hilo huitwa Startup Lions, nalo ni chuo cha kompyuta. Habari yake ni habari ya watu wawili, mmoja mwenye jina na jamaa wenye mali, na mwingine mwenye maarifa ya kujenga.

Mwenye jina ni Mwana wa Mfalme Ludwig wa Bavaria, aliyezaliwa mwaka 1982. Bavaria leo ni jimbo la Ujerumani, wala haina mfalme tangu mwaka 1918, lakini ukoo wa kifalme haukutoweka. Baba yake, Luitpold, ni mfanya biashara ajulikanaye sana kwa kiwanda cha bia cha Kaltenberg. Wasomaji wengi wa Banissa hawatakuwa na haja na bidhaa ile; yatosha kujua kwamba jamaa hii imezoea kuhesabu mtaji na faida, na kwamba kijana huyu hakukulia katika hadithi za ufalme tu.

Alipofika Turkana aliona vijana waliomaliza shule na kukaa bure. Mifugo ilikuwa imepungua kwa ukame, kazi za mshahara zilikuwa chache, na mwenye bidii alipanda gari kwenda Nairobi. Naye akaanzisha shirika liitwalo Learning Lions, ambalo huwafundisha vijana kutumia kompyuta: kuchora picha za matangazo, kutengeneza tovuti, kupanga filamu fupi. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara. Ngamia akiuzwa Nairobi lazima asafirishwe, na samaki wa ziwa huoza njiani. Bali kazi iliyofanywa kwenye kompyuta husafiri kwa intaneti mara moja, hata mnunuzi awe Ulaya. Kwa biashara ya namna hiyo, Turkana haiko mbali na mahali popote.

Lakini kompyuta ina maadui wawili, nao ni joto na vumbi, na Turkana ina vyote viwili bila kipimo. Ukifungua madirisha upate hewa, vumbi huingia. Ukiyafunga kuzuia vumbi, mashine huchemka pamoja na mwanafunzi. Mashine za kupoza hewa hula umeme mwingi, na umeme katika nchi ile ni wa kukusanywa kutoka juani kwa shida na gharama. Kwa hiyo shirika halikuwa na haja ya nyumba tu. Lilihitaji mtu anayelifahamu joto.

Mtu huyo alikuwa Diébédo Francis Kéré, msanifu wa majengo, yaani mchora ramani za nyumba. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchi iitwayo leo Burkina Faso, na baba yake alikuwa mkuu wa kijiji. Baba alitaka mtoto mmoja ajue kusoma barua, na Gando haikuwa na shule; basi mtoto alipofika umri wa miaka 7 alipelekwa mbali na nyumbani, mji wa Tenkodogo. Huko alikaa darasani pamoja na watoto zaidi ya mia, katika giza na joto. Wengi hupitia darasa la namna hiyo na kulisahau. Yeye hakulisahau.

Alijifunza useremala, na mwaka 1985 akapata nafasi ya kwenda Ujerumani kuendelea na kazi hiyo. Mchana alijifunza kutengeneza mapaa na samani, usiku alisoma masomo ya sekondari, hata akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Amesimulia mwenyewe kwamba kila alipoondoka kijijini, wanawake wa Gando walifungua pindo za nguo zao wakampa senti yao ya mwisho. Mtoto hakuelewa sababu. Mama yake alimweleza kwamba watu wale waliamini elimu yake siku moja itawarudia wote.

Ikawarudia kabla hata hajahitimu. Mwaka 1998 aliunda chama cha kuchangisha fedha, akiwaomba wanafunzi wenzake wa Berlin waache kahawa na sigara kidogo, na kwa karibu dola 30,000 shule ya Gando ikasimama mwaka 2001. Aliamua kujenga kwa udongo. Wazee walishangaa, na walikuwa na haki ya kushangaa: udongo huyeyuka kwa mvua, kila mtu anajua, na huyu amekwenda Ulaya miaka yote hiyo arudi na udongo? Hakubishana nao sana kwa maneno. Aliuchanganya udongo na saruji kidogo, akafyatua matofali, akajenga tao la mfano, kisha watu wakapanda juu yake wakarukaruka. Halikuvunjika, na kazi ikaendelea. Watoto walileta mawe kwa ajili ya msingi, wanawake waliteka maji na kupigapiga sakafu mpaka ikawa laini.

Paa la shule ile lastahili kuangaliwa na kila mtu mwenye nyumba ya mabati. Bwana Kéré hakuyakataa mabati. Aliyainua tu. Juu ya darasa aliweka dari ya matofali yenye nafasi za kupitisha hewa, na juu ya dari hiyo, kwa kenchi za nondo zilizounganishwa na mafundi wa kijijini, akayapandisha mabati yasimame mbali. Jua huchoma bati, hewa iliyo chini ya bati hupata moto na kutoka upande, na hewa ya darasa hupanda kujaza nafasi yake. Joto lenyewe ndilo lifanyalo kazi ya feni. Kwa shule hiyo alipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu mwaka 2004, mwaka ule ule aliohitimu chuoni. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kupita zote katika kazi yake, naye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipata.

Turkana haikuwa Gando. Udongo mzuri wa matofali si kitu cha kuokotwa kila mahali kando ya ziwa lile, na nchi ni ya miamba na mteremko. Mjenzi mwingine angaliweza kuichukua ramani iliyompatia sifa akaisimika pale pale, kama mshonaji amvikaye kila mtu kanzu ya kipimo kimoja. Bwana Kéré aliacha udongo. Alitumia mawe ya machimbo ya karibu, kuta zikapigwa lipu na kupakwa rangi ifananayo na ardhi, na jengo likalazwa juu ya mteremko kwa ngazi mbili, likafuata nchi ilivyo badala ya kuisawazisha kwa matingatinga. Eneo lake lapata mita za mraba 1,416.

Ajabu ya mahali pale ni minara. Kwa mbali mtu aweza kudhani ni misikiti isiyo na mwezi juu, au ni vichuguu vya majitu. Dhana hii ya pili i karibu na ukweli, maana mfano ulichukuliwa kwa vichuguu virefu vya mchwa ambavyo kila mchungaji wa kaskazini amepata kuviegemea. Minara ni mitupu ndani. Chini ya kuta za vyumba yako matundu yaliyopangwa ili kuingiza hewa safi. Hewa iliyopata joto kwa miili ya watu na kwa mashine hupanda, huingia mnarani, na kutoka juu. Inapotoka huvuta nyingine kutoka chini. Hivyo chumba hupoa bila madirisha makubwa kuachwa wazi kwa vumbi, na kompyuta hudumu.

Wazo la kuiga kichuguu halikuanzia Turkana. Huko Harare, jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililochorwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996, lilijengwa kwa wazo hilo, nalo halitegemei mashine za kupoza hewa kama majengo mengine ya ukubwa wake. Wataalamu waliochunguza vichuguu baadaye wameonyesha kwamba mchwa hutumia mnara wao kwa kupumua zaidi kuliko kwa kupoza nyumba. Basi mwanafunzi hakumfahamu mwalimu wake vizuri, na hata hivyo hesabu ilitoka sawa.

Juu ya jengo la Turkana pamefanywa baraza zenye vivuli, watu waketi na kulitazama ziwa, na sehemu hii haikosi wa kuisema. Yuko atakayeuliza kwa nini fedha za msaada zitumike kwa baraza wakati vijiji jirani vina shule zisizo na milango. Swali hilo si la kipumbavu. Lakini vijana wale hukaa mchana kutwa mbele ya kioo, na hupatana bei na wageni wasiowaona. Mahali pa kukutana jioni na kufundishana ni sehemu ya karakana yao, kama vile kivuli cha mti kilivyo sehemu ya soko la mifugo.

Ukoo wa mhisani huyu una kumbukumbu ya ujenzi wa namna nyingine. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza mwaka 1869 kujenga juu ya mlima kasri la Neuschwanstein. Alikuwa na ndoto kubwa na wachoraji hodari, wala hakujiwekea mpaka wa fedha. Madeni yalimzidi, mawaziri wakamwondoa madarakani, akafa mwaka 1886 kasri halijaisha. Leo watalii huliendea kwa maelfu, lakini halikujengwa kwa kazi ya mtu yeyote ila kwa raha ya macho ya mtu mmoja.

Kijana mwenye jina lile lile alikwenda kwa mchora ramani na jambo jingine kabisa mkononi: mashine zinaharibika, vijana wanaondoka, umeme ni haba. Mambo hayo ndiyo yaliyoupa mkono wa Bwana Kéré mpaka, na yeye akayatumia kama seremala atumiavyo ubao mfupi. Tajiri angalidai jengo la vioo kama ya Nairobi, vumbi lingalishinda. Na mchora ramani angalitaka ukumbusho wa sifa zake tu, kompyuta zingalikufa chini ya minara mizuri.

Fedha za kazi ile ya Turkana hutafutwa kwa njia mbalimbali, na mojawapo ni ya ajabu kidogo. Mwana wa Mfalme Ludwig alianzisha huko kwao matembezi yaitwayo Mwendo wa Simba, ambayo watu hutoka kasri la Kaltenberg na kwenda kwa miguu hadi kasri la Hohenschwangau, mchana na usiku, kilometa 100. Huko Bavaria mtu amalizaye safari hiyo hupongezwa sana. Wachungaji wa Banissa, ambao hutembea hivyo wakitafuta maji na kesho yake wakaamka kukamua, watamwonea huruma kwa malengelenge yake.