Dola ya Mlimani na Maji ya Sebeya

Saa 1 asubuhi wapandaji huwa wamekwisha kusanyika Kinigi, kwenye makao ya Hifadhi ya Taifa ya Volkano, Rwanda. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wanane, hawazidi, na kibali cha mtalii wa kigeni ni dola 1,500. Kundi likijaa, hizo ni dola 12,000 kwa saa moja ya kutazamana na wanyama. Kabla ya Mei 2017 kibali kilikuwa dola 750. Bei ilipopanda, mgawo wa mapato kwa jamii zinazopakana na hifadhi nao ulitoka asilimia 5 ukawa 10.

Mgawo huo huja kama darasa au tangi la maji. Fedha inayofika mkononi siku hiyohiyo ni ya mpagazi. Yeye hukupokea begi ukingoni mwa shamba la viazi, hukuchagulia fimbo, na penye tope hukushika kiganja mpaka uvuke. Hata kama begi lako ni jepesi, mchukue.

Kwetu Nyakiriba, wilayani Rubavu, hatuionji sana fedha hiyo. Watalii wanaopita huku huteremka moja kwa moja kwenda kulala Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Lakini nadhani tunakosea tunapoipima hifadhi kwa vitanda vya hoteli tu. Huku kwenye bonde la mto Sebeya msitu wenye maana zaidi ni Gishwati. Ulifyekwa kwa malisho, mashamba na makazi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki kama hekta 600. Miti ikapandwa upya, msitu ukaunganishwa na Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na tangu 2020 wageni hupanda kuwatafuta sokwe na kima wa dhahabu.

Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika. Mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao Magharibi na Kaskazini, na Rubavu iliumia mno. Kilima kisicho na miti hakinywi mvua, huitupa bondeni. Kwa hiyo kila kibali kinachomlipa mlinzi wa Gishwati kinamlinda pia mkulima wa chini, ingawa hakuna stakabadhi inayoonyesha hivyo.

Ukipita Gishwati baada ya mvua, fukua majani makavu kwa ncha ya fimbo. Chini yake udongo ni mweusi, laini, umeloa chepechepe. Maji hayo bado hayajafika Sebeya.