Popo Si Adui: Tuwahesabu Kabla ya Kuwafukuza

Huku kwetu Pwani popo hana rafiki. Akiingia nyumbani huitwa mkosi, akila embe huitwa mwizi, na pango analolala hutiwa moto wa makuti ili moshi umtoe. Lakini ukimwuliza anayemfukuza ni popo wangapi waliomo, na wala nini, hana jibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nijiunge na kikundi cha wanakijiji wanaohesabu popo karibu na Shimoni, katika Kaunti ya Kwale.

Kazi yenyewe haihitaji elimu kubwa, yahitaji subira. Kwanza huomba ruhusa kwa wazee, kwani mapango mengi yana wenyewe na yana heshima zake. Jioni tunaswali Magharibi papo hapo nje, juu ya mkeka, kisha watu wawili wawili hukaa kwenye kila mlango wa pango. Giza likianza kuingia, popo hutoka kama moshi. Kila mmoja huwahesabu kumi kumi, akiwatoa wale wanaorudi ndani, halafu twalinganisha. Tarehe, saa, mvua na mwezi huandikwa daftarini. Hatuingii ndani kuwasumbua, maana popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Pango likishachomwa, huchukua miaka mingi kujaa tena.

Jioni moja mzee mwenye miembe alitujia kwa hasira. "Nyinyi mwahesabu wezi wangu! Pango hili nitaliziba kwa mawe." Tulimwamkia kwa adabu, tukamkalisha atazame. Walitoka wakubwa wenye macho makubwa, hao ndio walao matunda. Walitoka pia wadogo wengi mno, ambao chakula chao ni mbu, nondo na wadudu wa mashambani. "Mzee wetu," nikamwambia, "mawe hayachagui." Tulimshauri ayachume maembe yakishakomaa, kabla hayajaivia mtini, kwa kuwa popo hupenda lililoiva. Alinyamaza kitambo, akasema ataungoja msimu mmoja. Pango bado liko wazi.

Tena hao walao matunda nao wana kazi yao. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo ni miongoni mwa wanaolichavusha. Mbegu nyingi za msituni huwaponyoka njiani, zikaota mbali na mti mama.

Walakini tusidanganyane: popo si mnyama wa kuchezea. Ugonjwa wa Marburg uliwapata watu waliokuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, mwaka 1980 na tena 1987, na virusi vyake hukaa katika popo wa mapangoni walao matunda. Basi asishikwe kwa mkono, wala tunda alilolitafuna lisiliwe. Kumla ndiyo kabisa; katika madhehebu yetu ya Shafi popo ni haramu.

Wenye shaka na watazame ng'ambo, kisiwani Pemba. Kuna popo mkubwa asiyepatikana kwingine duniani. Aliwindwa kwa nyama na miti yake ikakatwa, hata mwaka 1996 akaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio ukingoni mwa kutoweka. Wanavijiji, wakiwemo wa Kidike, waliunda vikundi, wakailinda miti anayolala na kuwahesabu. Idadi ikapanda kupita 20,000, na mwaka 2008 akaondolewa katika daraja hilo la hatari kubwa.

Hao walikuwa wakulima na wavuvi kama sisi. Kijiji chenye pango kinaweza kuanza na vijana wanne, daftari na kalamu, kikawaarifu maafisa wa wanyamapori na Makumbusho ya Taifa. Kumnasa popo kwa wavu ni kazi ya wenye kibali. Kuhesabu ni kazi ya yeyote mwenye macho na subira. Na siku mwenye machimbo atakapokuja kulitaka pango lenu, mtakuwa na la kumwonyesha.